Sevisi chaji Nairobi: kodi jumla, ada ya kudumu au hesabu halisi?

Chukua ofisi mbili za futi mraba 2,000 kila moja, moja Upper Hill, nyingine Westlands. Ya kwanza inakodishwa kwa shilingi 128 kwa futi kwa mwezi, kila kitu ndani. Ya pili ni shilingi 100 kwa futi, na juu yake sevisi chaji, yaani ada ya huduma za pamoja za jengo, ya 24 "kwa makadirio". Anayetafuta ofisi hujumlisha, akaona 124 ni nafuu kuliko 128, akatoa dipoziti. Hesabu hiyo ni sahihi kwa mwezi wa kwanza. Lakini mkataba ni wa miaka mitano na ushei, na kabla haujaisha mshahara wa soja utakuwa umepanda, dizeli itakuwa imepanda ikashuka ikapanda tena, na lifti itakuwa imezeeka. Hapo ndipo mikataba hutengana: bili mpya inamfikia nani, na huyo anayeipokea ana haki gani ya kuikagua?

Bei za kodi na ada zilizomo humu ni za mfano, ili hesabu ionekane. Zako zimo kwenye barua ya ofa.

Nini hasa kinachopanda

Sevisi chaji ya jengo la ofisi hubeba vitu vilevile karibu kila mahali: ulinzi, usafi, stima ya ngazi, korido na lifti, dizeli ya jenereta, maji ya bomba, ya kisima na ya boza mgao ukizidi, mkataba wa fundi wa lifti, takataka, dawa ya wadudu, bima ya jengo, ada za ardhi, na malipo ya ajenti anayesimamia jengo. Vitu hivi havipandi kwa mwendo mmoja.

Ulinzi na usafi ni mishahara. Kima cha chini kilipandishwa kwa asilimia 12 mwaka 2022, kisha asilimia 6 mwaka 2024. Lakini nyongeza inayotangazwa Sikukuu ya Wafanyakazi ni sehemu tu. Kabla ya Februari 2023 mwajiri alikuwa akimlipia mfanyakazi shilingi 200 kwa mwezi NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni. Chini ya viwango vipya, soja wa mshahara wa 18,000 alianza kulipiwa 1,080 na mwajiri wake, na kikomo cha mshahara unaohesabiwa kikaendelea kupanda kwa hatua. Ikaja tozo ya nyumba, ambayo mwajiri hulipa asilimia 1.5 ya mshahara sawa na anayokatwa mfanyakazi. Kampuni ya ulinzi haimezi gharama hizo. Huandika barua ya bei mpya kwa ajenti, naye ajenti huziweka kwenye bajeti ya mwaka ujao.

Stima ni hadithi nyingine. Kwenye bili ya KPLC, kampuni ya umeme, bei ya uniti ni sehemu moja. Gharama ya mafuta na marekebisho ya sarafu za kigeni hubadilika mwezi hadi mwezi kwa viwango vinavyotangazwa na EPRA, mamlaka ya nishati. Jengo linaweza kutumia uniti zilezile na bili ikapanda. Dizeli ya jenereta iliguswa pia VAT ya mafuta ilipotoka asilimia 8 hadi 16 mnamo Julai 2023. Ada za ardhi hulala muda mrefu kisha huruka kwa mkupuo mmoja: Nairobi ilikaa miongo kadhaa ikitoza kwa thamani za viwanja za miaka ya 1980 kabla ya kuhamia orodha mpya ya thamani.

Kwa hiyo ajenti akikwambia "gharama zimepanda asilimia 15", mwombe aseme ni gharama ipi. Jenereta ya kVA 200 ikibeba robo tatu ya uwezo wake hula lita kama 30 hadi 35 kwa saa. Saa za mashine zikisomeka 10 kwa mwezi na hesabu ikaonyesha lita 900, kinachohitaji maelezo si bei ya dizeli.

Kodi jumla

Unalipa kiasi kimoja, na mwenye jengo anabeba kila kitu. Hii utaikuta kwenye majengo madogo, majengo makongwe ya katikati ya jiji, ofisi za kushirikiana, na vibanda vya egzibisheni vya River Road na Luthuli Avenue. Mwenye jengo si mjinga. Huweka akiba yake ndani ya bei, ndiyo maana mfano wetu una 128 pale ambapo kodi na huduma halisi vingekuwa 124.

Udhaifu wake hautokei kwenye bili. Mwenye jengo aliyebanwa na bei hawezi kukuongezea kodi nje ya mkataba, basi anapunguza huduma. Jenereta inazimwa saa kumi na moja jioni, soja wawili wa usiku wanakuwa mmoja, msafishaji anakuja siku tatu badala ya sita, boza la maji linachelewa. Ukichagua kodi jumla, ambatanisha kwenye mkataba karatasi ya viwango vya huduma: saa za jenereta, idadi ya walinzi mchana na usiku, siku za usafi, lita za tangi la akiba, saa ambazo lifti zote hufanya kazi. Bila karatasi hiyo umenunua bei tu.

Tazama pia sentensi moja inayopenda kujificha mwishoni: "isipokuwa ushuru au tozo yoyote mpya ya serikali ya kitaifa au ya kaunti". Kwa sentensi hiyo, kodi yako si jumla tena.

Ada ya kudumu

Kodi iko kando, na sevisi chaji ni shilingi kadhaa kwa futi zinazopanda kwa asilimia iliyoandikwa. Mhasibu wako ataipenda kwa sababu anaweza kuandika bajeti ya miaka mitano leo. Mwenye jengo anaipenda pia: halazimiki kuonyesha hesabu kwa mtu, na kinachobaki ni chake.

Mambo mawili huharibika. La kwanza ni asilimia yenyewe. Nyongeza ya 10 kwa mwaka inasikika kama desturi, na wapangaji wengi huipigania kwenye kodi wakaisahau kwenye ada. La pili ni mchango wa dharura: pampu ya kisima imeungua, kila mpangaji atoe shilingi 40,000. Kama ada ni ya kudumu, mkataba useme wazi kwamba hakuna nyongeza nyingine ya aina yoyote kwa huduma zilizotajwa. Ukinyamaza, utakuwa unabeba hatari mara mbili: faida ikiwa ya mwenye jengo na hasara ikiwa yako.

Hesabu halisi

Huu ndio mfumo wa majengo mengi makubwa yanayosimamiwa na ajenti. Mwanzo wa mwaka inatoka bajeti. Unalipa robo mwaka mapema kwa makadirio. Mwaka ukiisha hesabu zinakaguliwa, na ama unarudishiwa ziada au unatozwa nakisi. Ukiendeshwa vizuri ndio wa haki kuliko yote, kwa sababu unalipa kilichotumika.

Ukiendeshwa vibaya, hesabu hazitoki. Miaka mitatu inapita, meneja anabadilishwa, kisha unapokea bili ya nakisi ya miaka yote mitatu kwa pamoja, na risiti za mwaka wa kwanza hazionekani. Dawa yake ni tarehe: hesabu zilizokaguliwa zitolewe ndani ya miezi 4 baada ya mwaka wa fedha kuisha, na gharama yoyote isiyodaiwa ndani ya miezi 12 ifutike. Ziada irudishwe au ikatwe kwenye robo inayofuata, isielekezwe "kwenye mfuko" bila idhini yako. Haki ya kuona risiti iwe ya siku kadhaa zilizotajwa, si "kwa wakati unaofaa", na mkaguzi wako akikuta kosa linalozidi asilimia 3, gharama ya ukaguzi iende kwa mwenye jengo.

Halafu kuna orodha ya yasiyoruhusiwa. Mfumo huu bila orodha hiyo ni hundi tupu. Yasiingie: riba ya mkopo wa jengo, ushuru wa mapato wa mwenye jengo, kamisheni ya kutafuta wapangaji, kesi kati yake na mpangaji mwingine, kasoro za ujenzi, ukarabati wa ofisi tupu, na ununuzi wa vitu vipya vinavyoongeza thamani ya jengo. Lifti ndiyo vita kubwa. Kubadilisha nyaya na roda ni matengenezo. Kung'oa lifti nzima na kuweka mpya ni uwekezaji wa mwenye jengo, na ukikubali kuchangia, uchangie kwa miaka ya maisha yake, kwa mfano moja ya ishirini kila mwaka ukiwa ndani, si bei yote katika mwaka ambao bahati yako ilikuweka hapo.

Na malipo ya ajenti? Mara nyingi ni asilimia ya gharama zote. Fikiria: dizeli ikipanda, malipo yake yanapanda, bila yeye kufanya kazi zaidi. Bora kiasi maalumu kwa mwaka.

Mwaka wa msingi

Mfumo huu ni wa Marekani hasa, na huja Nairobi ndani ya rasimu za mikataba ya kampuni zenye makao makuu huko. Kodi inajumuisha gharama za mwaka wa kwanza. Kuanzia mwaka wa pili mpangaji analipa tu kile kilichozidi. Ukisikia mara ya kwanza ni mzuri sana. Una mitego miwili, na wa kwanza utauona kwenye jedwali.

Miaka mitano, shilingi kwa shilingi

Hesabu hii ni ya sehemu ya huduma peke yake, kwa futi 2,000, kabla ya VAT. Kodi yenyewe, ile 100 kwa futi, tunaiacha nje kwa sababu ni sawa kwa wote na inapanda asilimia 7.5 kwa mwaka kote. Gharama halisi ya jengo inaanza 24 kwa futi kwa mwezi. Katika safu ya kwanza inapanda asilimia 6 kila mwaka. Katika safu ya pili ni vivyo hivyo, ila mwaka wa tatu inaruka asilimia 20.

| Mfumo | Miaka tulivu | Mwaka wa 3 wenye mruko |
|---|---|---|
| Kodi jumla (huduma 28, +7.5%) | 3,903,000 | 3,903,000 |
| Ada ya kudumu 25, +10% | 3,663,000 | 3,663,000 |
| Ada ya kudumu 25, +7.5% | 3,485,000 | 3,485,000 |
| Hesabu halisi | 3,247,000 | 3,519,000 |
| Mwaka wa msingi, nyongeza ya 7.5% juu ya kodi yote | 3,713,000 | 3,985,000 |

Tazama mstari wa pili na wa nne. Ada ya kudumu yenye nyongeza ya 10 inagharimu zaidi kuliko hesabu halisi hata baada ya mruko wa asilimia 20. Umelipa bima ambayo haikuhitajika hata siku ya moto. Ukiishusha nyongeza hadi 7.5, ada ya kudumu inaanza kuwa bima ya kweli: mruko ukitokea unaokoa kama 34,000, usipotokea umelipa 238,000 za amani ya moyo. Kwa ofisi yenye mapato yanayoyumba, hiyo si bei mbaya.

Mstari wa mwisho ndio unaoshangaza. Mwaka wa msingi umekuwa ghali kuliko vyote mruko ukitokea. Sababu ni kwamba nyongeza ya asilimia 7.5 imewekwa juu ya kodi yote ya 124, na ndani ya 124 tayari kuna 24 za huduma. Mpangaji analipa kupanda kwa gharama mara ya kwanza kupitia nyongeza ya kodi, na mara ya pili kupitia bili ya kilichozidi. Weka nyongeza juu ya ile 100 tu, na mstari huu unarudi kuwa sawasawa na hesabu halisi. Tofauti hiyo yote, kama 466,000, inatoka kwenye maneno mawili ya mkataba: "kodi yote" au "kodi ya msingi".

Mtego wa pili ni jengo jipya lenye vyumba vitupu. Mwaka wa kwanza nusu ya jengo haina watu, lifti hazichoki, maji hayatumiki, na gharama ni 18 kwa futi. Jengo likijaa gharama inafika 24. Bei hazijapanda hata kidogo, lakini wewe unadaiwa 6 kwa futi, yaani shilingi 144,000 kwa mwaka. Mkataba useme kwamba gharama za mwaka wa msingi zitakokotolewa kana kwamba jengo limejaa asilimia 95, kwa zile zinazobadilika na idadi ya watu kama usafi, maji na stima. Bima na ada za ardhi hazihusiki. Hizo hulipwa jengo likiwa tupu au limejaa.

Unagawanya kwa nini?

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea Nairobi, mji wenye ofisi nyingi zilizokaa bila wapangaji, na watu wachache huuliza.

Jengo la futi 60,000 linatumia shilingi 17,280,000 kwa mwaka. Sehemu yako ya 2,000 ni asilimia 3.33, yaani 576,000. Lakini kama mkataba unasema gharama zitagawanywa kwa "eneo lililokodishwa", na waliopo wamechukua futi 40,000 tu, sehemu yako inakuwa asilimia 5, yaani 864,000. Shilingi 288,000 za ziada kila mwaka, na jirani yako akihama unalipa zaidi bila barua wala mazungumzo. Eneo la kugawanyia liwe futi zote zinazoweza kukodishwa, na mwenye jengo alipie vyumba vyake vitupu. Atakataa mwanzoni. Sisitiza.

Pima na ofisi yenyewe. Futi 2,000 za kwenye karatasi mara nyingi zina sehemu ya korido, vyoo na ukumbi wa lifti ndani yake. Ukipima kuta kwa kuta unaweza kupata 1,720. Si wizi kama imeandikwa, ila usilinganishe jengo linalopima hivi na lile linalopima ndani ya kuta tu bila kwanza kuzileta kwenye kipimo kimoja.

Kwenye mall, uliza duka kuu linachangia kiasi gani. Supamaketi kwa kawaida hupata ada ya chini kwa sababu ndiyo inayovuta wateja. Pengo hilo lizibwe na mwenye mall, lisigawanywe kwa vinyozi na maduka ya viatu. Na duka la chini lenye mlango wake wa barabarani lina hoja nzuri ya kutolipia lifti.

Stima ya ndani ya ofisi ni kando na sevisi chaji, lakini ikipita kwenye mita ndogo ya mwenye jengo, omba nakala ya bili kubwa ya KPLC. Gawanya jumla ya bili kwa uniti zake. Ukitozwa zaidi ya hapo kwa uniti, kuna mtu anafanya biashara ya stima juu yako.

Kikomo: neno moja dogo

Kwenye hesabu halisi unaweza kudai kikomo, mathalani asilimia 8 kwa mwaka. Halafu soma kama kikomo hicho kinalimbikizwa. Gharama inaanza 24, mwaka wa pili inapanda asilimia 2 kufika 24.48, mwaka wa tatu inapanda asilimia 14 kufika 27.91. Kikomo kisicholimbikizwa kinasimama kwenye 26.44, ambayo ni 24.48 na asilimia 8 yake. Kikomo kinacholimbikizwa kinahesabu 8 mara mbili kutoka 24, kinafika 27.99, na unalipa zote 27.91. Kwa ofisi yetu tofauti ni kama 35,000 kwa mwaka huo mmoja.

Mwenye jengo atataka stima, bima na tozo za serikali zibaki nje ya kikomo. Ni haki yake. Hana namna ya kuzipangia bei. Ulinzi na usafi ataviita pia vya serikali kwa sababu ya kima cha chini cha mshahara. Hapo kubali nusu: sehemu iliyotokana na amri ya mshahara iwe nje, ila faida ya kampuni ya ulinzi iwe ndani, na zabuni itangazwe kila miaka miwili kwa angalau kampuni tatu. Mtu anayepitisha bili yote kwa wengine hana sababu ya kuzunguka akitafuta bei nzuri. Kikomo ndicho kinachompa sababu.

Ushuru juu ya ushuru

Kodi ya ofisi na sevisi chaji vyote hutozwa VAT ya asilimia 16. Kampuni iliyosajiliwa na inayouza vitu vinavyotozwa VAT itaidai tena. Kliniki, shule, kampuni ya bima, au biashara ndogo iliyo chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na haijasajiliwa haiwezi. Kwao ada ya 25 ni 29. Linganisha bei zako ukiwa na nambari iliyo sahihi kwako.

Sasa kosa linalopita bila kuonekana. Jengo limenunua dizeli ya shilingi 100,000 na VAT 16,000. Mwenye jengo aliyesajiliwa anazidai zile 16,000 kwa KRA, mamlaka ya ushuru. Gharama yake ni 100,000, na wewe utozwe 100,000 na VAT yake, jumla 116,000. Ajenti mzembe anaingiza 116,000 kwenye hesabu, kisha anaweka asilimia 16 juu, ikawa 134,560. Kagua hesabu za mwaka kwa jambo hili kabla ya lingine lolote. Unahitaji ankara moja tu na dakika kumi. Ankara ya sevisi chaji iwe ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, maana tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara hiyo ina shida kukubaliwa unapokokotoa ushuru wa mapato.

Kwa nini miaka 5 na miezi 3

Urefu huu wa ajabu una sababu. Chini ya Sura ya 301, sheria ya mwaka 1965 kuhusu maduka, hoteli na sehemu za chakula, upangaji wa biashara usioandikwa, au ulioandikwa kwa kipindi kisichozidi miaka mitano, au wenye kipengele cha kuuvunja ndani ya miaka mitano kwa sababu isiyo uvunjaji wa masharti, ni upangaji unaolindwa. "Duka" katika sheria hiyo linajumuisha mahali pa kutoa huduma kwa malipo, kwa hiyo ofisi nyingi zinaingia.

Ukilindwa, mwenye jengo hawezi kubadilisha kodi au masharti kwa barua pepe ya ajenti. Anatakiwa kutoa notisi ya fomu maalumu, ya angalau miezi miwili. Wewe una mwezi mmoja kujibu kama unakubali, na usipokubali unapeleka shauri kwenye baraza la kodi za majengo ya biashara kabla ya tarehe ya notisi kufika. Ukikaa kimya, notisi inaanza kufanya kazi. Wengi hushindwa hapa, si kwa hoja bali kwa kalenda.

Mkataba wa miaka 5 na miezi 3 au 6 unatoka nje ya ulinzi huo, na kilichoandikwa ndicho kitakachosimama. Kwa hiyo kadiri mkataba ulivyo mrefu, ndivyo vipengele vya sevisi chaji vinavyohitaji wakili. Mwulize hasa kuhusu maneno "itadaiwa kama kodi". Yakiwepo, deni la ada linaweza kumfungulia mwenye jengo njia ya kukamata mali kwa ajili ya kodi chini ya Sura ya 293, hata wakati nyinyi bado mnabishana kama nakisi ni ya kweli. Omba kiasi kinachobishaniwa kitolewe humo.

Nani achukue upi

Biashara changa ya watu watano, isiyo na mhasibu wa kukaa na mafaili: kodi jumla yenye karatasi ya viwango vya huduma, hata kama bei iko juu kidogo. Utalipa zaidi, lakini hutalala njaa kwa sababu ya nakisi ya mwaka juzi. Shirika linaloishi kwa bajeti za wafadhili, ambazo zikipitishwa hazifunguliwi: ada ya kudumu, nyongeza isiyozidi 7.5, na marufuku ya mchango wa dharura. Kampuni ya futi 5,000 na zaidi, yenye mtu wa fedha: hesabu halisi yenye kikomo kisicholimbikizwa, orodha ya yasiyoruhusiwa na haki ya ukaguzi. Mwaka wa msingi uchukue tu ikiwa makao makuu yamekulazimisha, na urekebishe yale mambo mawili.

Godauni za Industrial Area na Mombasa Road ziko peke yake. Huko kodi ni tupu, na mpangaji analipa bima, ada za ardhi na matengenezo moja kwa moja. Ni sawa pale unapotumia jengo zima, kwa sababu unaona kila shilingi. Ila mabati, mifereji na sakafu zikaguliwe na fundi kabla ya kusaini, kwa picha na tarehe, ikiwezekana wakati wa mvua za Machi hadi Mei. Ukisaini Januari paa likiwa kavu, uvujaji wa Aprili ni wako.

Mfuko wa matengenezo makubwa unastahili swali lake kwa mfumo wowote. Shilingi 2 kwa futi ni 48,000 kwa mwaka, 240,000 kwa miaka mitano, na ukihama zinabaki. Ziwe kwenye akaunti iliyotengwa, isiyochanganywa na pesa za mwenye jengo, na taarifa yake itoke pamoja na hesabu za mwaka.

Mwisho wa upangaji usiuache ujiamulie. Dipoziti ya miezi mitatu mara nyingi inahusu kodi na sevisi chaji pamoja, na ukihama Machi hesabu za mwaka huo zitatoka mwaka unaofuata. Ajenti atashikilia dipoziti yote akisubiri. Andika kwamba dipoziti itarudishwa ndani ya siku 60, isipokuwa kiasi kisichozidi sevisi chaji ya robo moja, na kwamba kiasi hicho nacho kitarudi hesabu zikitoka au miezi 6 ikiisha, lolote litakalotangulia.